Ndoo ya mchanga mezani kwa bosi

Mshauri aliyeletwa kutoka Dar alituachia mawaidha mawili: tuunde kamati ya ubunifu, na tutundike sanduku la maoni. Kamati ilikaa mara nne, ikala sambusa. Sanduku nililifungua mwenyewe baada ya miezi miwili, nikakuta kikaratasi kimoja: mtu anaomba sabuni ya chooni.

Kampuni yetu ipo Kigoma, inanunua dagaa wabichi mwaloni Kibirizi, inakausha na kufungasha. Wateja walilalamikia jambo moja tu, mchanga. Dagaa wanaanikwa chini, watakosaje mchanga? Nikajitia fundi. Nikaomba fedha, kama milioni mbili na ushee, nikasimamisha banda la nailoni la kukaushia kwa jua, linang'aa kama kanisa jipya. Asubuhi nikamwaga dagaa mle, nikafunga mlango, nikaenda zangu kunywa chai. Saa sita nafungua, mvuke ukanipiga usoni kama nimefunua sufuria ya wali. Matundu ya hewa sikuweka. Dagaa hawakukauka, waliiva! Ukimshika mmoja anavunjika, mafuta yanakubaki vidoleni. Mama mmoja muanikaji akaonja, akatikisa kichwa: "Mwanangu, mboga tayari, lete ugali." Mpaka leo wapo wanaoniita Mpishi. Wiki iliyofuata upepo wa ziwani ukang'oa paa, likaenda kuning'inia juu ya mchikichi. Sikulifuata.

Bosi akafunga mkoba, na sikumlaumu. Nilikula fedha zote kwa mkupuo kabla ya kujaribu hata beseni moja.

Niliporudi kwake sikubeba andiko. Nilichekecha gunia moja mbele ya mhasibu, mchanga wote nikautia kwenye kindoo, nikakitua mezani. "Bosi, waanikaji tunawalipa kwa kilo. Na huu tumeulipia." Akaingiza kidole, akaupima kwa macho, akauliza nataka kiasi gani. Nikasema vichanja vinne na giza tatu.

Kwa wasioishi huku, giza ni zile siku ambazo mwezi hauonekani usiku na taa za wavuvi zinavuta dagaa. Mbalamwezi ikiwaka, wengi wanapumzika. Basi giza tunafanya kazi, mbalamwezi tunakaa na risiti zetu na kuamua: tuendelee, turekebishe au tuache. Waamuzi watatu tu: mimi, mhasibu na yule mama aliyenicheka. Ilikuwa 2024, Ziwa Tanganyika limefungwa, hakuna kuvua, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Wengine walinung'unika, sisi tukagongelea misumari kwa raha zetu. Mama ndiye aliyekataa waya, eti utashika kutu, tukatandika nyavu kuukuu za dagaa tulizopata kwa bei ya soda.

Ziwa likafunguliwa. Giza la kwanza, siku ya tatu, napita mchana: vichanja vitupu, dagaa wamerudi mchangani! Nikafoka. Nikawaita wakaidi, wasiotaka maendeleo, na mengine ambayo sitayarudia. Mama akaningoja nimalize. "Mwanangu, unatulipa kwa kilo. Hawa wa juu ni wepesi. Watoto wetu wale nini?"

Mhasibu alicheka mpaka akavua miwani. Maana maneno hayo hayo, ya kwamba tunalipia mchanga, niliyasema mimi kwa bosi, kwa mbwembwe, bila kujiuliza unamlipa nani. Tukabadilisha: mtu analipwa kwa beseni la dagaa wabichi alioanika, si kwa kilo ya wakavu. Kesho yake nikakuta wanagombea vichanja, mmoja ameshawekea chake kanga tangu alfajiri.

Giza la tatu halikuisha, bosi akaongeza vichanja ishirini bila kuniomba hata karatasi. Sanduku la maoni sasa linahifadhi misumari. Kile kindoo kiko mezani kwake bado. Wageni wakija anawaonyesha, anawaeleza alivyochekecha gunia lile kwa mikono yake. Mimi nawamiminia chai.