Tafakari ya Ijumaa: Msuluhishi hupigwa na wa kwake

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zetu wa Unguja na Pemba.

Hassan bin Ali, mjukuu wa Mtume, alipomwachia Muawiya ukhalifa mwaka 41 Hijria ili damu ya Waislamu isimwagike, hawakuwa watu wa Sham, wafuasi wa Muawiya, waliomtukana. Walikuwa wa kwake. Walimwita "mwenye kuwadhalilisha waumini", ilhali Mtume (s.a.w.) alishasema juu yake, kama ilivyo katika Bukhari, kwamba huenda Allah akasuluhisha kupitia kwake makundi mawili makubwa ya Waislamu. Na kwenye mkataba wa amani wa Hudaybiya, Suhayl bin Amr, mjumbe wa Makureshi, alipokataa kuandikwa maneno "Mtume wa Allah" na Mtume akaamuru yafutwe, aliyeuliza kwa nini tukubali unyonge katika dini yetu alikuwa Umar, si mmoja wa Makureshi.

Wiki hii tunauliza kwa nini mwanasiasa wa wastani amekuwa adimu kwetu. Wengi tunamtafuta mchawi upande wa pili. Tuangalie kwanza nyumbani.

Chukueni uchaguzi wa 2010. Majimbo ya Baraza la Wawakilishi la Zanzibar yalikuwa 50. CUF ilichukua yote 18 ya Pemba, CCM ikachukua 28 kati ya 32 ya Unguja. Jimbo likiwa hivyo, mshindi anajulikana kabla sanduku halijafunguliwa, na uchaguzi wenyewe khasa ni kura za maoni ndani ya chama. Mgombea hana haja na jirani wa chama kingine. Anawahitaji wajumbe wake, na katika wajumbe wenye sauti ni wale wakali. Aliyeonekana akinywa kahawa na wapinzani ataulizwa. Mgombea binafsi sheria haimruhusu, na Mwakilishi akivuliwa uanachama kiti nacho kimekwenda. Basi anayetaka kusema "wenzetu hapa wana hoja" anapiga hesabu kwanza, na mara nyingi ananyamaza.

Hesabu hiyo ina mifano. Kamati ya watu sita iliyoshughulikia maridhiano ya CCM na CUF iliongozwa na Mzee Hassan Nassor Moyo, na Mansour Yussuf Himid alikuwamo. Mansour alifukuzwa CCM Agosti 2013, na uwakilishi wa Kiembesamaki ukaondoka naye. Mzee Moyo, mmoja wa waasisi wa CCM, alifukuzwa Aprili 2015. Upande wa pili, Januari 2012 CUF ilimfukuza Hamad Rashid Mohamed, Mbunge wa Wawi, na ilibidi mahakama iingie ndipo akabaki na kiti. Hatusemi nani alikuwa na haki katika kila kesi. Tunasema wanachama wengine waliona, wakajifunza.

Kuna anayesema dawa ni sheria. Kwa kiasi ni kweli. Muafaka wa 1999 na ule wa Oktoba 2001 ilikuwa mikataba ya vyama, na mwenye nguvu akichelewesha hapakuwa na wa kumshurutisha. Maridhiano yaliyoanza kwa Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF kukutana Ikulu tarehe 5 Novemba 2009 yalikwenda mbali zaidi: wananchi wakapiga kura ya maoni juu ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa tarehe 31 Julai 2010, asilimia 66.4 wakakubali, yakaingia katika Katiba. Lakini uchaguzi wa 2015 ulipofutwa na ule wa marudio wa Machi 2016 ukasusiwa, nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, iliyowekewa chama cha pili kwa kura, ilikaa tupu mpaka Desemba 2020.

Sasa tuje barazani kwetu, maana Allah hatatuuliza juu ya Kamati Kuu ya chama tusiyokaa ndani yake. Mtu ametoa hotuba ya dakika 20. Anayetaka kumuangusha anachukua sekunde 30. Kisu anakiweka kwenye neno "lakini": alisema "Serikali imejenga, lakini haijasikiliza", kwa upande mmoja inakatwa nusu ya kwanza, kwa upande wa pili ya pili. Klipu inaingia kundi la ukoo saa mbili usiku. Kufika alfajiri mtu yule keshaitwa msaliti, mamluki, kanunuliwa. Waliosambaza wengi wao wamesali Isha na Alfajiri jamaa. Suratul Hujurat aya ya 6 inatuamuru kuhakikisha, na ya 11 inakataza kuitana kwa lakabu mbaya. Kwa hiyo kabla ya kutuma: itafute hotuba nzima, isikilize dakika moja kabla ya kipande na moja baada yake. Usipoipata, kifute. Usikitume kwa kuongeza "sijui kama ni kweli". Hilo halimsafishi mtu.

Wapo wanaojificha nyuma ya methali: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Ni nzuri kwa ugomvi wa kitoto. Makundi mawili ya waumini yakipigana, aya ya 9 ya sura hiyohiyo inasema yapatanisheni, na hakuna jembe pale.

Anayepatanisha asianze kwa kuwakutanisha. Amsikilize kila mmoja peke yake, na katika aliyoyasikia apeleke lenye kheri tu. Ndiyo ruhusa ya hadithi kwamba si muongo anayesuluhisha watu akafikisha kheri. Mengi huharibika hapa, mpatanishi anapoyapeleka na matusi ili aonekane mkweli. Na asitangaze mapema. Suratu Annisaa aya ya 114 imelitoa jambo hili katika mazungumzo ya siri yasiyo na kheri, na msuluhishi aliyetangazwa kabla ya kumaliza huvamiwa na wa kwake.

Lililobaki ni maziko. Zama za siasa, kabla ya Mapinduzi ya 1964, watu walisusiana mpaka makaburini, na baada ya 1995 Pemba yakarudi. Haki za Muislamu kwa Muislamu zilizotajwa katika Bukhari na Muslim ni tano: kurudisha salamu, kumtembelea mgonjwa, kufuata jeneza, kuitikia mwaliko, kumuombea rehma apigaye chafya. Kadi ya chama haikutajwa. Ukisikia msiba wa mtu wa chama kingine, nenda kabla ya kuswaliwa, usingojee hitima. Chukua zamu yako ya kubeba jeneza, tia mchanga wako mara tatu, kaa mpaka dua.

Siku ile ya Hudaybiya, Mtume aliwaamuru masahaba wachinje na wanyoe, mara tatu, asiinuke mtu. Akaingia kwa Ummu Salama, naye akamshauri: toka, usiseme na yeyote, chinja mnyama wako, umwite kinyozi wako. Akatoka akafanya hivyo. Walipomuona wakainuka, wakachinja, wakawa wananyoana wao kwa wao.