Bado niko wodini

Jamani, mnaoniuliza mbona nimehitimu na bado "nasoma" wodini kama mwanagenzi wa lishe: cheti cha chuo peke yake hakikufanyi mtaalamu wa lishe aliyesajiliwa. Hapa Kenya sheria ipo tangu 2007, na KNDI, taasisi ya wataalamu wa lishe nchini, ndiyo inayosajili. Marekani wamekaza zaidi: tangu Januari 2024 anayeanza hafanyi mtihani wa usajili bila shahada ya uzamili, juu ya saa zisizopungua 1,000 za mafunzo ya vitendo chini ya msimamizi.

Nami naona ni haki kabisa. Juzi mama mmoja mwenye kisukari alituambia, "Wanangu, mahamri na mbaazi siwati ng'o!" Msimamizi wangu hakumkataza. Alivuta kiti, akamwuliza taratibu: mama, unakula mangapi? Mbaazi unatia kasimile au tui jepesi? Chai je, sukari vijiko vingapi? Wakaafikiana hamri moja, mbaazi ziongezwe, tui jepesi, chai bila sukari. Mama mwenyewe akaomba aandikiwe. Darasani sikuwahi kuona hilo.

Ila wanagenzi wengi tunajilipia hata nauli ya matatu kila siku. Wenye uwezo wa kulibadilisha hili, tafadhali tuangalieni.