Siku yangu na kompyuta mpya iliyogoma kuwaka

Saa 2:10 asubuhi. Sijamaliza kufuta vumbi mezani, kijana ameshaingia amekumbatia kasha la kompyuta kama aliyebeba mgonjwa. Macho mekundu. "Fundi, nimeiunga mwenyewe usiku kucha. Haiwaki." Kwapani ana boksi la pawa saplai nyingine, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, bado lina plastiki. Ameshajihukumia kwamba ile ya kwanza ni mbovu.

Neno "haiwaki" nalisikia kila siku, na kila anayelisema ana maana yake. Wengine feni zinazunguka ila skrini ni nyeusi. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Wengine inawaka, inazima, inawaka tena. Nikamuuliza: ukibonyeza, hakuna kitu kabisa? Akafikiri. "Feni inashtuka kidogo. Robo mzunguko hivi. Halafu kimya, na nikibonyeza tena haifanyi chochote."

Hapo nikavuta kiti. Robo mzunguko ni maelezo ya maana.

Saa 3:00. Kwanza mambo ya aibu, maana ndiyo yanayopoteza watu siku nzima. Soketi ya ukutani ina umeme. Swichi ya nyuma ya pawa saplai iko kwenye I, si O. Plagi kubwa ya pini 24 imeingia mpaka kibano kikalia, ile ya pini 8 ya prosesa juu pembeni ipo. Taa ndogo kwenye ubao mama, ule ubao mkubwa unaobeba vifaa vingine vyote, inawaka, kwa hiyo zile volti 5 za kusubiri, zinazokuwepo hata kompyuta ikiwa imezimwa, zinafika. Nikachomoa waya wa kitufe cha mbele na kugusisha pini zake mbili kwa ncha ya bisibisi, sekunde moja. Feni ikashtuka vilevile, ikafa. Kitufe hakina kosa.

Kilichonivutia ni kwamba baada ya hapo haikuitika tena mpaka nilipozima swichi ya nyuma, nikasubiri kidogo, nikaiwasha upya. Pawa saplai inajifunga hivyo ikiona mkondo umezidi kupita kiasi. Mara nyingi iliyokufa haishtuki hata kidogo. Hii ilikuwa inajilinda na kitu.

Saa 4:20. Kijana akataka tufunge ile mpya. "Nyaya naziacha zilezile, fundi, nimeshazipanga vizuri." Nikamshika mkono. Mdogo wangu, nyaya za kuchomoa za pawa saplai moja usizihamishie nyingine kwa kuwa tu zinaingia. Upande wa ubao mama plagi zote zinafanana, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka. Unaweza kupeleka volti 12 mahali panaposubiri 5, na diski ikaungua. Boksi likabaki limefungwa.

Tukaipima ile ya zamani peke yake, nje ya kasha. Siku hizi nyaya zote nyeusi, ule waya wa kijani wa kuwashia hauonekani, inabidi uhesabu: pini ya 16 kwenye plagi ya 24, na jirani zake wa kushoto na kulia wote ni ardhi, yaani njia ya umeme kurudi, volti 0. Nikaunganisha ya 16 na jirani yake kwa kibanio cha karatasi kilichonyooshwa. Feni ikazunguka bila kusita. Mita ikasoma volti 12.1, 5.03 na 3.32 kwenye laini za 12, 5 na 3.3. Kwa laini ya 12, kinachoruhusiwa ni kati ya 11.4 na 12.6. Kipimo hiki hakina mzigo, yaani hakuna kifaa kinachokula umeme wake, kwa hiyo sikuitangazia uzima, lakini kisingizio cha kununua nyingine kilipungua. (Kuifungua pawa saplai yenyewe sifungui, hata ikiwa imechomolewa. Kapasita zake zinaweza kubaki na umeme wa kukurusha.)

Saa 5 hadi saa 6 nilirekebisha printa na kibodi ya laputopu iliyomwagiwa chai. Hayana hadithi.

Saa 7:00 mchana. Nikaanza kupunguza. Kadi ya picha, ile inayopeleka picha kwenye skrini, nje, diski nje, RAM (vijiti vya kumbukumbu) ikabaki moja. Kila kimoja kikitoka, jaribio, na kila jaribio robo mzunguko uleule. Basi nikautoa ubao mama wenyewe, nikauweka juu ya boksi lake la karatasi ngumu ukiwa na prosesa, kipoozi na RAM moja. Bisibisi, pini mbili. Feni ikazunguka, ikaendelea kuzunguka.

Kijana akatazama feni, akatazama kasha tupu. Nikamulika tochi ndani. Alikuwa amefunga kinguzo, kile kiguu cha chuma kinachoinua ubao mama usiguse bati, kwenye kila tundu la bati, hata yale ya bao za saizi nyingine. "Nilidhani vikiwa vingi ndiyo imara zaidi." Nikaugeuza ubao mama: nyuma, katikati ya nukta za risasi ya kulehemu, alama ndogo inayong'aa, duara lisilotimia, pale kichwa cha kinguzo kilipokuwa kinabana. Shoti ya kitu kidogo kuliko kucha. Ubao ulipona kwa sababu pawa saplai ilikuwa inakata haraka kila mara.

Saa 9:15. Tumetoa vinguzo vitatu, tumerudisha kila kitu. Nikabonyeza. Kimya. Hata robo mzunguko hakuna. Kijana akakaa chini sakafuni. Nikazunguka nyuma ya kasha: swichi iko kwenye O, nilivyoiacha mwenyewe. Nikairudisha bila kusema neno, lakini aliniona.

Feni zikazunguka, skrini nyeusi. Akanyoosha kidole kuzima, nikamzuia. RAM za kizazi cha DDR5 ukiwasha mara ya kwanza, ubao mama unazipima kwanza, na inaweza kuchukua dakika kadhaa. Tukangoja, tukitazama skrini kama maji ya chai. Nembo ikatokea.

Saa 1:40 usiku. Nafunga, ujumbe unaingia: "Fundi, nimefika nyumbani, feni zinazunguka ila skrini haina kitu!!"

Nikamjibu: "Waya wa skrini umechomeka kwenye ubao mama au kwenye kadi ya picha?"

Dakika mbili kimya. Kisha: "Samahani fundi."