Siku Niliyolazimika Kumwogesha Paka Wangu

Katika miaka minne ya kwanza niliyoishi na Shaba, paka jike mwenye manyoya mafupi ya rangi ya chungwa, nilimwogesha mara moja tu, na mara hiyo nilikosea tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwa na umri wa miezi mitano na hakuwa na uchafu wowote. Mimi nilikuwa nimelelewa katika nyumba yenye mbwa, ambao tuliwaogesha mara kwa mara, hivyo niliamini kuwa kumtunza mnyama vizuri ni pamoja na kumtia majini. Nilimweka chini ya bomba lililokuwa wazi, nikampaka shampuu yangu mwenyewe, na alipotaka kuruka nikamkaba shingoni. Aliniparura mkono mpaka damu ikatoka, akakimbia na povu lake mgongoni, akajificha nyuma ya kabati hadi jioni ya siku iliyofuata. Kwa muda wa wiki nzima alikuwa akiondoka chumbani kila aliposikia maji yakitiririka, na hilo liliniuma kuliko mkono.

Nilipompeleka kwa daktari wa mifugo kupata chanjo, nilimweleza yaliyotokea, naye akanifahamisha jambo ambalo ningepaswa kulijua kabla ya kufuga paka. Paka mzima mwenye afya hahitaji kuogeshwa, kwa sababu hutumia sehemu kubwa ya muda anaokuwa macho akijisafisha mwenyewe. Ulimi wake umejaa vimiba vidogo vya keratini, ambayo ndiyo inayounda kucha, na vimiba hivyo vimepinda kuelekea kooni. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha Georgia Tech nchini Marekani walionyesha kuwa ncha ya kila kimiba ina kifereji kinachobeba mate na kuyafikisha ndani kabisa ya manyoya, karibu na ngozi. Mate hayo husafisha, na yanapokauka humpunguzia paka joto. Kuhusu shampuu yangu, daktari alisema kuwa ngozi ya binadamu ina asidi zaidi kuliko ya paka, kwa hiyo sabuni iliyotengenezwa kwa ajili yetu huweza kumkausha na kumwasha. Basi niliacha kabisa, nikabaki na brashi, na Shaba akaendelea kung'aa bila msaada wangu.

Ulimi huohuo, hata hivyo, ndio ulionilazimisha kumwogesha kwa mara ya pili. Chochote kinachoshika manyoya ya paka huishia tumboni mwake, na jioni moja Shaba alirudi nyumbani ubavu wake wa kushoto na mkia mzima ukiwa umelowa mafuta machafu ya injini. Kulikuwa na gari lililokuwa likitengenezwa, na beseni la mafuta hayo lilikuwa limeachwa wazi chini yake. Nilipomwona alikuwa ameketi mlangoni, ameinua mguu, na tayari ameanza kujilamba.

Nilimfunga ndani ya taulo, kichwa kikiwa nje, ili asiendelee kulamba, kisha nikampigia simu daktari. Ninashukuru sana kwamba nilipiga simu kabla ya kufanya lolote, kwa kuwa wazo langu la kwanza lilikuwa kutumia mafuta ya taa, ambayo huondoa grisi mikononi. Daktari alinikataza kwa ukali. Mafuta ya taa, petroli na tapentaini huunguza ngozi ya paka na ni sumu akiyalamba au akivuta mvuke wake. Alinikataza pia kumtapisha, kwa sababu mafuta yanaporudi juu yanaweza kuingia mapafuni. Tena alinionya nisitumie dawa ya kuua viini, hasa zile zenye fenoli, kwani ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuzivunja kemikali za aina hiyo. Aliniambia nifute kwanza kwa vitambaa vikavu kiasi chote kitakachofutika, nisugue mafuta kidogo ya kupikia palipoganda, halafu nioshe kwa sabuni laini ya maji ya kuoshea vyombo, ambayo kwa siku za kawaida isingefaa kwa sababu huondoa mafuta ya asili ya ngozi, lakini siku ile kuondoa mafuta ndilo lilikuwa lengo.

Safari hii nilijipanga. Dada yangu alifunga mlango na dirisha la bafu, nami nikajaza mabeseni mawili kabla ya kumwingiza Shaba, ili asisikie bomba. Maji yalikuwa ya vuguvugu, nikayapima kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga. Joto la mwili wa paka ni kati ya nyuzi 38 na 39 hivi, kwa hiyo maji tunayoyaona sisi kuwa ya baridi kidogo kwake ni baridi kweli. Kina chake kilifika chini ya tumbo tu. Kwenye sakafu ya kila beseni nilitandika taulo, na nina hakika kuwa jambo hili dogo ndilo lililotusaidia kuliko yote, kwani kucha zake zilipata mahali pa kushika, na paka anayehisi kuwa hatelezi hana sababu kubwa ya kupigana.

Dada alimshika mabegani bila kumkaba, akizungumza naye kwa sauti ya chini. Mimi nilianza na ubavu, nikisugua kuelekea manyoya yanakolala, kisha mkia. Kichwa sikukigusa kwa maji hata kidogo. Doa lililokuwa chini ya sikio nililifuta kwa kitambaa chenye unyevu. Nilisuuza kwa kikombe nilichokiweka karibu sana na mwili ili maji yasimrukie, na nilirudia sabuni mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza maji yalitoka meusi. Alinguruma mfululizo, na mara moja alijaribu kupanda kifuani mwa dada, lakini hakuparura. Tulikuwa tumekubaliana kuwa akianza kuhema kwa mdomo wazi tungesimama, maana kwa paka hiyo ni dalili ya hofu kubwa au ya shida ya kupumua. Hakufikia hapo. Kusuuza kulichukua muda mrefu kuliko kuosha, nami sikuharakisha, kwa kuwa sabuni inayobaki nayo ingelambwa.

Kumkausha tulitumia taulo nne, tukikandamiza badala ya kusugua, kisha tukamweka katika chumba chenye joto mpaka manyoya ya ndani yakauke. Mashine ya kukaushia nywele niliiacha, kwani mlio wake ungemtia hofu upya. Asubuhi daktari alimsikiliza mapafu, akampima, akasema nimwangalie kwa siku kadhaa asije akatapika au kukataa chakula. Alikula siku hiyohiyo.

Sasa Shaba ana miaka 13. Miezi michache iliyopita niliona manyoya ya mgongoni karibu na mkia yakishikana na kuwa na mafuta, na majirani wawili walinishauri nimwogeshe. Nilimpeleka kwa daktari kwanza, kwa sababu paka anayeacha kujisafisha mara nyingi anaumwa, na kweli ilionekana kuwa viungo vya nyonga vimevimba, hageuki tena kufikia pale. Anapata dawa ya maumivu. Kila baada ya siku mbili hupanda mwenyewe mapajani mwangu, nami nampitishia kitambaa laini kilicholoweshwa maji ya vuguvugu na kukamuliwa sana, kisha brashi, kwa mikato mifupi inayofanana na ulimi, mpaka anaponigeuzia upande wa pili.