Joto la Dodoma lipimwe usiku

Oktoba, mvua zikiwa bado mbali, kila mtu Dodoma hulalamikia jua la saa nane mchana. Nadhani tunaisingizia saa hiyo. Ardhi tupu ya nje ya mji, kavu na isiyo na majani, nayo huwaka mchana kama lami, na hewa yake huweza hata kuizidi ya mjini.

Tofauti ya mji na nje hujitokeza jua likizama. Udongo mkavu hupoa upesi, kwani joto halikuzama ndani. Zege, lami na tofali za saruji hulimeza mchana kutwa, kisha hulitoa polepole hadi alfajiri, na kuta zinazotazamana hulizuia lisitoroke angani. Pengo hukua zaidi usiku usio na upepo wala mawingu. Luke Howard, Mwingereza aliyechunguza hali ya hewa, aligundua London mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba usiku mji una joto kuliko nje yake. Hapa kwetu, sensa ya 2012 ilihesabu wakazi kama 411,000, ya 2022 kama 765,000. Zege limeongezeka nao.

Anayetaka kupima aweke kwanza vipimajoto viwili pamoja usiku mmoja, aone kama vinakubaliana. Kisha kimoja mjini, kimoja nje: mita 1.5 toka ardhini, kivulini, penye hewa, mbali na ukuta na kiyoyozi. Wengi husahau mwinuko. Mchana kila mita 100 kwenda juu hupunguza karibu nusu digrii au zaidi. Usiku hewa baridi huteremka mabondeni, hesabu ikageuka. Kulinganisha bonde na mteremko wa kilima cha Mlimwa ni kujidanganya.

Bati jipya lisilopakwa rangi hurudisha mwanga mwingi, ila joto lililoingia hulitoa kwa shida, ndiyo maana halishikiki. Rangi nyeupe huyaweza yote mawili, mradi vumbi lioshwe. Bati za msauzi za rangi ya damu ya mzee, nyekundu iliyokolea, zinapendeza, lakini rangi hiyo humeza jua na chumba cha chini yake hulipa.

Kinachoniudhi ni pevingi, yaani vitofali vya zege, uani kote. Ardhi ikizibwa, maji ya mvua hukimbilia mtaroni na hakuna unyevu wa kupoza hewa. Ubakizwe udongo upande wa magharibi, upandwe mwarobaini mita kadhaa toka ukutani, ulikinge jua la jioni. Mche uingie ardhini Desemba mvua zikishika, ukiwa na kisahani cha udongo cha kutuliza maji, kwani kuanzia Mei utategemea ndoo tu.