Nilivyopona baada ya kujifungua kwa upasuaji

Upasuaji wangu haukupangwa. Uchungu ulikaa muda mrefu, njia ikafika sentimita 7 ikakwama hapo, na kila uchungu ulipokuja mapigo ya moyo ya mtoto yalishuka na kuchelewa kupanda. Daktari akaeleza kwa ufupi, nikatia saini, nikachomwa sindano ya ganzi mgongoni. Sikusikia maumivu, ila nilisikia kuvutwa na kusukumwa tumboni, na mwili ukatetemeka hadi meno yakagongana. Nilielezwa kuwa mtetemeko huo huwapata wengi. Kisha mtoto akalia, na mengine yote yakakaa pembeni kwa muda.

Kesho yake, daktari alipopita wodini, nilimwomba: "Daktari, naomba unieleze mlikata wapi na wapi." Aligeuza karatasi akachora kwa kalamu mistari iliyopangana: ngozi, mafuta, utando mgumu unaofunika misuli, misuli yenyewe, utando mwembamba wa ndani ya tumbo, na mwisho ukuta wa mfuko wa uzazi. Misuli, akasema, kwa kawaida haikatwi, huachanishwa katikati na kusogezwa kando. Mtoto hutolewa ndani ya dakika chache tu, na muda mwingi unaobaki ni wa kutoa kondo la nyuma na kushona.

Mchoro ule ulinisaidia kuliko ushauri wote niliopewa na watu. Kuanzia hapo kila maumivu yalikuwa na sababu, na nikawa najua yapi nivumilie na yapi nikimbilie hospitali.

Kunyanyuka kitandani mara ya kwanza ndiyo kazi ngumu niliyoikumbana nayo. Muuguzi alinizuia nilipotaka kuinuka moja kwa moja: "Usikurupuke, mama. Kunja magoti, geuka ubavu, sukuma kwa kiwiko, miguu ishuke yote pamoja." Ukifanya hivyo mikono ndiyo inayobeba uzito, tumbo linapumzika. Nikitaka kukohoa, kupiga chafya au kucheka, nilikandamiza mto juu ya mshono kwanza. Nilitembea polepole hadi mlangoni na kurudi, kwa sababu ujauzito na upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na kutembea mapema hupunguza hatari hiyo.

Gesi nayo ilinitesa, hata bega likauma. Kumbe hewa iliyobaki tumboni baada ya upasuaji inaweza kuleta maumivu begani. Kutembea kulisaidia. Maji mengi na vyakula vyenye nyuzinyuzi vilinisaidia kupata choo bila kujikamua.

Dawa za maumivu nilimeza kwa saa zilizoandikwa, sikungoja maumivu yapande. Kuna kina mama wanaoziacha wakihofia maziwa, nami hilo linanisikitisha sana. Nilipewa parasetamoli na ibuprofeni, na zote mbili hutumiwa na wanaonyonyesha, mradi daktari ajue kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo au mzio. Mama anayeumia sana hatembei wala hakai vizuri kunyonyesha. Mtoto akinyonya tumbo husokota, maana homoni ya oksitosini inakaza mfuko wa uzazi urudi ulivyokuwa. Nilimlaza mtoto ubavuni mwangu, miguu yake ikielekea nyuma chini ya kwapa, asije akapiga teke mshono.

Kidonda nilikiosha kwa maji safi, nikakikausha kwa kukigusagusa na kitambaa safi bila kusugua, nikavaa nguo za ndani pana zinazopita juu ya mshono. Sikupaka chochote ambacho sikuandikiwa. Ngozi ya hapo ilikufa ganzi, na mpaka leo haijarudi yote, kwa kuwa vijineva vya ngozi, yaani mishipa midogo ya hisia, hukatwa na hukua taratibu.

Wiki za katikati ndizo zinazodanganya. Ngozi imefunga, unajiona mzima, watu nao wanakuona mzima, lakini ule utando mgumu wa ndani bado unaungana. Kwa wiki 6 sikunyanyua kitu kizito kuliko mtoto wangu. Ndoo zote alibeba mume wangu, na wageni walioniuliza kwa nini nimekaa niliwajibu bila aibu kwamba nimepasuliwa.

Ukiona haya, usingoje kliniki: homa, kidonda kuwa chekundu zaidi, kutoa usaha au harufu, au kufunguka, damu inayojaza pedi ndani ya saa moja, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au kukosa pumzi, kichwa kuuma sana, hasa ukikaa au kusimama, au macho kuona ukungu.

Kuna maneno pia. "Wewe hukuzaa, ulipasuliwa." Nililia kwa maneno hayo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba zaidi ya mtoto 1 kati ya 5 duniani huzaliwa kwa upasuaji. Siwezi kukubali kwamba mama zao wote hao hawakuzaa. Huzuni ya siku za mwanzo ilinipita, lakini ikizidi wiki mbili, mwambie mkunga au daktari kama unavyomwambia kuhusu kidonda.

Kabla ya kuruhusiwa niliomba maandishi yanayotaja sababu ya upasuaji na namna mfuko wa uzazi ulivyokatwa. Wangu ulikatwa kwa mlalo, sehemu ya chini, na mkato huo huwapa wengi nafasi ya kujaribu kujifungua kwa njia ya kawaida baadaye, hospitalini penye uwezo wa kupasua haraka. Mkato wa wima sehemu ya juu una hatari kubwa zaidi ya kuchanika wakati wa uchungu. Daktari alinishauri nisishike mimba nyingine kabla ya miezi 18. Mimi na mume wangu tumekubaliana tungoje miaka miwili, na tayari natumia uzazi wa mpango.