Kona ya mwisho kabla ya kutua Tabora

Ndege haikati kona kwa usukani wa mkia, ingawa aliyezoea gari huamini hivyo. Inakata kwa kulaza mabawa. Nguvu ya kunyanyua huegama pamoja nayo: sehemu yake inaivuta ndege pembeni, sehemu iliyobaki inabeba uzito, na haitoshi tena. Ndiyo maana rubani huvuta usukani wa mkononi kidogo na kuongeza moto, yaani nguvu ya injini.

Katika kona isiyopoteza kimo, mwinamo wa nyuzi 30 huyabebesha mabawa mara 1.15 ya uzito wa ndege, nyuzi 45 mara 1.41, nyuzi 60 mara 2. Kasi ya stoli, ile ambayo chini yake mabawa hayawezi tena kuibeba ndege, hupanda kwa kipeuo cha pili cha namba hizo. Ndege inayostoli kwa noti 50 (maili 50 za baharini kwa saa) ikiruka bapa, kwa nyuzi 60 itastoli kwa noti 71.

Sasa njoo Tabora, karibu mita 1,200 juu ya bahari. Joto likifika nyuzi 30, hewa inakuwa nyepesi kama ya mita 2,000. Kipima kasi kinasoma noti 70, kumbe unakwenda karibu 77. Kwa mwinamo wa nyuzi 30, kona ambayo pwani, siku ya baridi, ingekuwa na nusu kipenyo cha mita 230, hapa inadai karibu 280. Upepo ukikusukuma kutoka nyuma, inapanuka zaidi juu ya ardhi.

Matokeo yake unaupita mstari wa njia ya kutulia, ambao kona hii ilipaswa kukuweka juu yake. Unaogopa kulaza bawa karibu na ardhi (woga wenye busara, ila unakupeleka pabaya), basi unakanyaga pedali ya ndani, inayogeuza usukani wa mkia, ili pua igeuke. Bawa la nje linaenda kasi na kujiinua. Unalizuia kwa kuzungusha usukani wa mkononi kuelekea nje. Pua inashuka, unavuta. Tazama gololi kwenye kile kibomba cha kioo kinachoonyesha kama ndege inateleza pembeni: imekimbilia nje. Bawa la ndani, lenye mwendo mdogo na kibao chake cha ukingo wa nyuma kimeshushwa na usukani huo, ndilo litakalostoli kwanza, na ndege itapinduka upande huohuo. Ukiwa futi 500, huna nafasi ya kuiokoa.

Anza kona mapema, usizidi nyuzi 30, gololi ibaki katikati. Ukishaupita mstari, usiufukuze: nyoosha mabawa, ongeza moto, panda, zunguka upya.